Kurekodi Sauti kwa Dijitali: Namba Moja, Saa Moja

Somo hili linamhusu kila mtumiaji wa Unguja anayelipia huduma ya kurekodi sauti: mwenye harusi, kikundi cha taarabu, au familia inayotaka kuhifadhi kasida za mzee wao. Shughuli ya namna hiyo hairudiwi. Kwa hiyo mambo mawili yathibitishwe kabla ya mwimbaji kufungua kinywa.

Namba ya sampuli

Kinasa sauti cha dijitali huipima sauti mara nyingi kila sekunde na kuhifadhi vipimo hivyo, viitwavyo sampuli. Sidii ya muziki hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Video kwa kawaida hutumia 48,000. Kwenye chombo huandikwa 44.1 au 48, pamoja na herufi kHz.

Mfano wake ni santuri. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, nyimbo zake zilitoka katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Santuri hiyo ikizungushwa polepole, sauti huwa nzito na wimbo hurefuka. Dijitali nayo ni vivyo hivyo. Faili la sampuli 48,000 likisomwa kana kwamba ni la 44,100, rekodi ya dakika 60 huchukua dakika 65 na ushei, na sauti za udi na fidla hushuka kwa takriban nusutoni moja na nusu. Kubadilisha namba kwa programu ifaayo hakudhuru. Kinachodhuru ni kulisoma faili kwa namba isiyo yake.

Saa ya vyombo

Namba kufanana hakutoshi. Kila chombo kina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, pengo hufikia sekunde 0.18 kwa saa moja, na zaidi ya nusu sekunde baada ya saa tatu. Hapo midomo ya mwimbaji kwenye video huachana na sauti yake. Vyombo vilivyounganishwa kidijitali bila kufuata saa moja huweza pia kutoa milio ya kukatikakatika.

Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Kifaa kimoja tu kiwe saa kuu. Vingine viwekwe vifuate saa ya nje. Kamera isiyoweza kuunganishwa isaidiwe kwa kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni, ili mhariri apate alama za kulinganisha.

Kabla ya kulipa

1. Namba ya sampuli iandikwe katika makubaliano.
2. Uliza ni chombo kipi kilicho saa kuu, na uoneshwe kuwa vingine vinakifuata.
3. Usiongezewe bei kwa namba 96,000 ukidhani italinganisha vyombo. Hukuza faili mara mbili ya 48,000, lakini haiunganishi saa.
4. Unapopokea kazi, sikiliza mwanzo na mwisho. Namba isiyo sahihi husikika tangu mwanzo. Saa zilizoachana hudhihirika mwishoni.
5. Dai faili asilia na risiti. Bila faili asilia marekebisho huwa magumu. Bila risiti, dai lako hukosa ushahidi.