Gari Lililopambwa: Kagua Kabla ya Kununua
Nchini Marekani, Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilifungua enzi ya magari ya injini kubwa na mbwembwe. Bima ghali na uhaba wa mafuta wa 1973 viliizima. Kwetu Bukoba na Muleba mtindo hubebwa na Toyota zilizotumika Japani: rimu pana, spoila, springi zilizokatwa ili gari lishuke. Mtindo ukichuja, gari huuzwa. Tunamshauri mnunuzi aanze na springi, kwani zilizokatwa hazirekebishiki, bali hubadilishwa. Na barabara za vumbi haziwi na huruma kwa gari la chini. Magurudumu yaliyozidi kipimo cha awali huifanya mita ionyeshe mwendo pungufu kuliko ule halisi. Rangi, hata ikipendeza, ilingane na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Vipuri vya awali vidaiwe kabla ya malipo.