Maumivu ya mgongo yakija na homa

MAUMIVU ya mgongo huwapata watu wengi, na mara nyingi huisha baada ya wiki chache. Hamali wa Marikiti au mama anayeinama kufua kule Kibokoni hujichua mafuta, akapumzika, akapona. Lakini maumivu yakizidi mwezi, tena yakiandamana na homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda, usilaumu kazi. Huenda viini vimeingia katika pingili za uti wa mgongo.

Wengi wamesikia habari za kifua kikuu cha mgongo. Wachache wanaijua Brucella, bakteria ya mifugo iliyogunduliwa na daktari David Bruce katika kisiwa cha Malta mwaka 1887. Mwaka 1905 Themistocles Zammit alionyesha kuwa ilikuwa ikipitia katika maziwa ya mbuzi.

Kifua kikuu aghalabu hushika katikati ya mgongo, kikabomoa pingili mpaka kibiongo kikatokea. Brucella hupendelea kiunoni, na mgonjwa huumwa na viungo pia.

Mbona tujali tofauti hiyo? Dawa ya rifampisini hutumika kwa magonjwa yote mawili. Mwenye kifua kikuu akitibiwa Brucella, anaweza kupata nafuu ya muda huku viini vyake vikiwa sugu. Kwa hiyo usitosheke na kipimo kimoja cha haraka cha damu, kwani huweza kudanganya. Mgonjwa huhitaji picha ya mgongo, na pengine kutolewa kipande kidogo kwa sindano kikapimwe maabara.

Brucella ya mgongo hutibiwa kwa dawa zaidi ya moja, kwa kawaida miezi 3 au zaidi. Kifua kikuu cha mgongo hutibiwa miezi 12 hapa Kenya, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Usiziache kwa kuwa maumivu yamepungua.

Miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, usingoje kesho. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali kubwa iliyo karibu.

Kinga ya Brucella i jikoni. Chemsha maziwa yote, yawe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, hata yale unayoyanywa kama dawa. Kuyagandisha hakutoshi: maziwa lala yaliyotokana na maziwa mabichi bado yanaweza kuambukiza.