SOMO: SAUTI YA KINYWA CHAKO

Watu wengi huchagua maneno yao, lakini ni wachache wanaochagua sauti yao. Tujifunze namna sauti inavyoweza kumsaidia mtu au kumwumiza.

1. Sauti hugeuza maana
Mtu akisema, "Umekunywa dawa," ni habari. Akipandisha sauti mwishoni, ni ulizo. Akisema kwa ukali, ni mashtaka. Maneno ni yaleyale! Jirani zetu Warundi wanalijua jambo hili vema: kwao inda ni tumbo, na inda tena ni chawa. Herufi ni zilezile, sauti tu ndiyo inayotenga.

2. Sauti hutangulia maneno
Mtoto mchanga hajui neno hata moja, lakini anaijua sauti ya mama yake, kwa maana aliisikia tangu tumboni. Mgonjwa mwenye hofu ni vivyo hivyo: kabla ya kushika maneno yako, ameshika sauti yako.

3. Kosa langu mwenyewe
Siku moja mama wa Kalundu alileta mtoto mwenye kuharisha. Watu walikuwa wengi, nami nimechoka. Nikamwuliza, "Mama, maji unachota ziwani?" Nilitaka kujua tu, kwa sababu kipindupindu hupita katika maji machafu, na hapa Uvira tunaufahamu ugonjwa huo. Lakini sauti yangu ilikuwa ya hakimu. Yeye alisikia, "Wewe ni mchafu." Akatazama chini, akajibu, "Hapana, ni ya bomba." Basi sikumfundisha kuchemsha maji.

Siku ya tatu akarudi, macho ya mtoto yameingia ndani. Tulimtibu, na kwa neema ya Mungu akapona. Ndipo nikaketi karibu na mama yule juu ya benchi, nikauliza polepole, "Mama yangu, nyumbani maji mnayapata wapi?" Akaniambia kweli: bomba limekauka, anachota ziwani, naye alichanganya dawa ya mtoto katika maji yale bila kuyachemsha. Ulizo lilikuwa lilelile. Sauti ndiyo iliyofungua mlango.

(Kumbukeni: mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari mara nyingi, kidogo kidogo, huku ukimleta hospitali. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae kupita.)

4. Nyumbani kwetu
Wavuvi wa ndagala hupaza sauti usiku ziwani, kwa ajili ya upepo na mawimbi. Ni vema. Lakini akifika nyumbani, baba akumbuke kwamba mke wake si mtumbwi ulio mbali. Na mzee asiyesikia vizuri, usimpigie kelele: simama mbele ya uso wake, sema polepole. Tupaze sauti wakati wa hatari, kama mtoto akikaribia moto.

5. Tufanye nini?
Kabla ya kusema, vuta pumzi. Keti, usimsimamie mtu kichwani. Uliza, kisha nyamaza usikie. Ukikosa, omba radhi. Soma Mithali 15:1.

Maulizo
1. Kwa nini mama yule hakusema kweli mara ya kwanza?
2. Leo asubuhi nyumbani mwako, sauti yako ilikuwa ya namna gani?
3. Ni nani anayeogopa kukuambia kweli?