Soda ipi iko baridi?

Maswali haya yametoka kwa wenye maduka na vibanda wa Katoro, Nyarugusu na Geita mjini. Nayajibu mimi niliyezunguka na gari la soda kwa miaka kadhaa kabla ya kufungua ghala langu la vinywaji.

Kampuni imenipa friji bure. Inapata nini?

Inapata duka lako. Friji ni mali yao, umeme unalipa wewe, na ulichosaini ni kwamba ndani hakitaingia kinywaji cha mwingine. Huku kwetu hilo ni jambo zito. Mchimbaji akitoka duarani saa nane mchana, koo limekauka kwa vumbi la mawe, haulizi jina la soda. Anauliza, "Ya baridi ipo?" Ukimwambia iliyopoa ni Mirinda, atakunywa Mirinda hata kama kwao wote ni watu wa Fanta.

Nilipokuwa kwenye mauzo, nikifika dukani nafungua friji kwanza, salamu baadaye. Mama mmoja alikuwa akipanga soda zetu safu moja mbele kama pazia. Nyuma yake kulikuwa na juisi za embe za washindani wetu na sato wa chakula cha jioni. Sato nilimwacha. Juisi niliziandika kwenye ripoti, na wiki iliyofuata friji ikapakiwa kwenye gari huku mama akitazama. Bado naona haya nikipita pale.

Sheria inasemaje?

Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Mgogoro wa kwetu unaofanana na huu ulihusu bia: mwaka 2009 Serengeti iliishtaki TBL kwa FCC, ikilalamika kwamba matangazo yake yanaondolewa kwenye baa. Kwa wenzetu friji yenyewe imejadiliwa. Mwaka 2005 Coca-Cola iliiahidi Tume ya Ulaya kwamba duka lisilo na friji nyingine litaruhusiwa kuweka vinywaji vya wengine kwenye asilimia 20 ya friji yake. Afrika Kusini nayo, ilipoidhinisha muungano wa viwanda vinavyojaza soda za Coca-Cola mwaka 2016, ilitoa sharti la asilimia 10 kwa wazalishaji wadogo. Hapa kwetu soma karatasi kabla ya kusaini, na nakala ibaki kwako.

Mbona Azam, Mo, Sayona na Jambo wote wamekuja na plastiki?

Hesabu chupa tupu zilizorundikana nyuma ya duka lako. Kila kreti ina chupa 24, na hiyo ni pesa yako imelala. Tupu ya Pepsi haipokelewi kwenye gari la Coca-Cola, kwa hiyo mwenye kreti 40 za kampuni moja hahami kirahisi, hata akichukizwa na bei. Kampuni changa ikitaka kuingia na kioo, itanunua mamilioni ya chupa kisha ikae kusubiri zirudi. Nani ana mtaji huo? Plastiki ikawapa mlango. Na huku machimboni ina faida yake: soda ya kioo unainywea barazani, muuzaji akiilinda chupa kwa macho, ila ya plastiki inapanda bodaboda hadi kwenye makarasha ya Rwamgasa.

Wengi wao waliongeza pia ujazo kwa bei ileile. Ujanja huo ni mkongwe. Pepsi iliutumia Marekani miaka ya 1930, ikauza chupa ya karibu mara mbili ya Coca-Cola kwa senti tano zilezile.

Jambo ya Shinyanga itawaweza wakubwa?

Tazama barabara. Coca-Cola ya Kanda ya Ziwa inajazwa na Nyanza Bottling pale Mwanza, na SBC wa Pepsi nao wana kiwanda hukohuko. Miaka yote magari yao ya kuja Geita yalipanga foleni ya kivuko Kigongo. Jambo ikitoka Shinyanga inapitia Kahama, haina habari na ziwa. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, likafunguliwa. Faida hiyo ya Jambo imepungua.

Lakini wazawa hawa wana kitu kingine: chombo cha kutangazia ni chao wenyewe. Jambo ina redio, Jambo FM. Bakhresa, mwenye Azam, ana Azam TV na timu ya Azam. Mo yuko klabu ya Simba. Mgeni hununua dakika za matangazo; hawa wanajitangazia nyumbani. (Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021, aliyeidhamini ni mgodi, GGML. Watu wa soda walilala.) Mimi naipa Jambo nafasi nzuri vijijini, kwenye maduka ambayo hakuna aliyewahi kuyapelekea friji.

Nimenunua friji yangu mwenyewe. Nipange vipi?

Maji usawa wa macho, soda za plastiki chini yake, kioo chini kabisa kwa sababu ya uzito. Wakija kukuomba ubandike stika yao mlangoni, taja bei.