Kumwongoza Dereva Mahali Pasipo na Barabara

Katika mashindano ya magari ya Rhino Charge, yaliyoanza nchini Kenya mwaka 1989 na ambayo fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa milima ya Aberdare uliokamilika mwaka 2009, mshindi si mwenye mbio kuliko wote, bali ni yule anayevifikia vituo 13 ndani ya takriban saa 10 kwa kwenda umbali mfupi zaidi. Kwa kuwa kila mzunguko huongeza umbali, magari hupenyezwa makorongoni na miambani, huku baadhi ya wanatimu wakitangulia kwa miguu kutafuta mahali pa kupita. Kazi yao inafanana na ile ya utingo wa lori, ingawa huyu humsaidia dereva kurudi nyuma sokoni, wala si kuteremka genge.

Mwongozaji, yaani mtu anayesimama nje ili aone yale ambayo boneti humficha dereva, huanza kazi gari likiwa bado limesimama. Wawili hao hukitembelea kizuizi chote kwa miguu, hupatana pa kupitisha kila tairi, kisha huafikiana ishara: mkono ulionyooshwa huonyesha upande ambao usukani uzungushwe, na ngumi iliyoinuliwa humaanisha simama. Mikono ni bora kuliko sauti, kwa sababu injini humeza maneno, na watu wanaotazamana huchanganya kwa urahisi kushoto na kulia. Mwongozaji awe mmoja tu, hata kama wenye ushauri ni wengi (na hawakosekani kamwe). Ishara ya kusimama peke yake ndiyo inayoruhusiwa kutolewa na yeyote.

Jiwe lenye kimo cha ndoo hudhihirisha umuhimu wa kazi hii. Dereva mgeni hutamani kulipitisha katikati ya magurudumu, ilhali difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya ekseli moja, huning'inia chini kuliko ekseli yenyewe, na katika Land Rover Defender ya zamani limekaa upande wa kulia. Mwongozaji stadi huliweka tairi juu ya jiwe lenyewe, kwa kuwa tairi linapopanda huinua ekseli pamoja na difu, mradi gari liwe kwenye gia nzito na liende taratibu kiasi cha kuweza kusimamishwa wakati wowote. Makosa mengi hutokea baada ya hapo: magurudumu ya mbele yakishavuka, watu hushangilia, kumbe gari linapokata kona magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi ya alama za yale ya mbele, na jiwe lililokwepwa na difu la mbele huweza kuligonga la nyuma.

Mwongozaji husimama mbele, kando kidogo, mahali anapoonana na dereva uso kwa uso. Wakipotezana machoni, gari husimama. Hakai kati ya gari na mwamba au mti, harudi kinyumenyume bila kutazama anapokanyaga, na penye mteremko wa ubavuni husimama upande wa juu, ambako gari haliwezi kumwangukia. Gari likikwama na kuvutwa kwa winchi, yaani mashine inayokunja waya, watu wote husogea mbali kupita urefu wa waya uliofunguliwa, kwa sababu waya wa chuma ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuua, na koti zito au turubai hulazwa juu yake ili kuupunguzia kasi.