SAA ZA TARAKILISHI HUPATANISHWAJE?

Muhula uliopita nusura niitwe mwongo. Insha za shindano la chama chetu zilitakiwa kuwa tayari kabla ya saa kumi na moja jioni. Yangu niliihifadhi kengele ikiwa bado kulia, lakini tarakilishi ikaandika saa kumi na moja na dakika nne. "Umechelewa," nikaambiwa. Lo! Nikamsihi mwalimu ailinganishe mashine ile na simu yake. Kumbe ilikuwa mbele kwa dakika tisa, na jirani yake nyuma kwa sita! Insha ikapokelewa.

Basi nikataka kujua mashine za ulimwengu mzima hupatanaje. Aliyelitatua jambo hili ni David Mills, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1938 na glakoma, ugonjwa wa macho ambao hatimaye ulimpofusha. Kanuni zake zilichapishwa mwaka wa 1985, naye akazidi kuziboresha akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Delaware. Alifariki Januari 17, 2024.

Ugumu u wapi? Kuuliza saa ni rahisi, ila jibu nalo huchelewa njiani. Chukua mfano wa hapa hapa Kinoo. Namtuma ndugu yangu mdogo dukani akatazame saa. Anapotoka, saa yangu yasema nne kamili. Akifika, ya duka yasema nne na dakika saba. Anazubaa kidogo (si unajua watoto na peremende), anaondoka nne na tisa. Akifika nyumbani, yangu yasema nne na nane. Ajabu! Amerudi kabla hajatoka dukani?

Tulia tupige hesabu. Kwa saa yangu amekaa dakika 8. Toa 2 za dukani, zabaki 6 za njiani, yaani 3 kwenda na 3 kurudi. Basi alipoondoka nyumbani, ya duka ilisema nne na nne. Yangu iko nyuma kwa dakika 4.

Lakini hapo pana mtego. Kama kwenda ni mteremko wa dakika 2 na kurudi ni mlima wa dakika 4, tumekosea dakika nzima. Ndiyo maana tarakilishi huuliza mara nyingi, tena kwa seva kadhaa. Hupendelea majibu yaliyorudi upesi, na seva inayopingana na wenzake hutupwa nje. Kosa likiwa dogo, saa hairukishwi. Huharakishwa au hucheleweshwa polepole, isije faili ya pili ikaonekana imeitangulia ya kwanza.

Na saa yenyewe ni ya dunia, si yetu. Ikiwa huko ni sita mchana, sisi tuko tisa alasiri.

Mashine niliyotumia sasa imeunganishwa na seva. Ile ya jirani bado, na betri yake imekufa kabisa. Ukipangiwa hiyo siku ya shindano, tazama saa ya ukutani. Hiyo iko mbele kwa dakika mbili tu.