SOMO LA ROBO HII: Makaa ya Mawe Badala ya Koki, Yafaa?



Katika maeneo ya kilimo na uvuvi kama Mugango, mhunzi ni mtu wa lazima. Anatutengenezea majembe, mapanga na nanga. Lakini mkaa anaotumia unamaliza miti yetu. Ndiyo maana wazo la kuleta makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, linavutia. Kabla ya kuliandika katika maombi ya fedha, tujifunze kwanza.

Koki ni nini?
Ni makaa ya mawe yaliyookwa kwa moto mkali pasipo hewa, hadi moshi, gesi na lami vikatoka. Kinachobaki ni kigumu, chenye vitundu, na karibu chote ni kaboni. Huko Coalbrookdale, Uingereza, Abraham Darby alianza kuyeyusha chuma kwa koki mwaka 1709. Wahaya, ng'ambo ya ziwa letu, walikwisha kuyeyusha kwa mkaa wa miti karne nyingi kabla yake.

Kwa nini si makaa mabichi?
Ndani ya tanuru, koki hubeba mzigo bila kupondeka na hewa hupita. Makaa mabichi mengi hulainika, hushikana na kuziba hewa. Tena salfa yake huingia katika chuma, nacho hupasuka kikifuliwa kikiwa cha moto.

Yanafaa wapi?
1. Kufua. Mhunzi huyarundika pembeni mwa moto; moshi ukiisha yamekuwa koki, ndipo huyasogeza katikati.
2. Kuyeyusha alumini ya sufuria. Huyeyuka kwa nyuzi 660 za Sentigredi ndani ya chungu, hivyo haigusani na makaa.

Hayafai katika tanuru ambamo chuma na makaa huchanganywa.

Tahadhari: moto huu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Karakana iwe wazi pande zote.

Maswali ya kujadili
• Fundi wetu anafua au anayeyusha? Madini gani?
• Je, makaa yatagusa chuma?
• Lori kutoka Mbinga husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Je, si nafuu kupanda miti ya mkaa hapa hapa?

Kamati ikiyajibu haya kwa ukweli, mfadhili atajua fedha yake inakwenda wapi, na mhunzi hataachiwa tanuru lisilowaka.